Mto Bure, Tamasha la Bure

Binti mmoja wa kundi letu la waandishi aliniletea hadithi ya kurasa kumi na nne. Mhusika mkuu ni chale wa sarakasi ya Kiingereza, enzi za Malkia Victoria, anayejikunja ndani ya beseni la kufulia na kuvutwa mtoni na mabata bukini wanne. Watu wanafurika darajani kumtazama. Daraja linakatika, watoto wanazama. Chale anapona, anaishi na mzigo wa majuto, na kwenye ukurasa wa mwisho anarudi mtoni usiku wa manane kujitosa.

Nikamwambia, "Binti, kisa umekipata. Ila umemkamata asiyehusika."

"Basi mwalimu, nimkamate nani?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilirudi nyumbani nikakipekua kisa chenyewe, maana ni cha kweli, na kadiri nilivyokichimba ndivyo nilivyoona kwamba kosa lake ni letu wengi tunaoandika hadithi za kihistoria: tunafuata kinachong'aa. Beseni linang'aa, mabata wanang'aa. Kilichoua watu hakikuonekana kwa macho. Kilikuwa ndani ya chuma, na kilikaa humo miaka kumi na sita.

Siku yenyewe

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 2 Mei 1845, katika mji wa Great Yarmouth, jimbo la Norfolk, pwani ya mashariki ya Uingereza. Ulikuwa mji wa wavuvi wa heringi. Katikati yake kulikuwa na vichochoro zaidi ya mia vilivyopangana sambamba kama meno ya kitana, vingine vyembamba kiasi cha watu wawili kushindwa kupishana bila mmoja kujibana ukutani. Aliyewahi kutembea Mji Mkongwe au Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Katika vichochoro hivyo habari haikuhitaji gazeti, mtoto mmoja akipita mbio anapiga kelele, mtaa mzima umeshajua.

Na habari ya siku hiyo ilikuwa tamu. Sarakasi ya William Cooke ilikuwa mjini, na ilitangazwa kwamba chale wake, Arthur Nelson, ataelea mtoni ndani ya beseni la kawaida la kufulia nguo, akivutwa na mabata bukini wanne, hadi kwenye daraja la kuning'inia. Kutazama ni bure.

Mto wenyewe, ule unaopita chini ya daraja hilo, unaitwa Bure. Sikulitunga. Ni jina la Kiingereza lisilo na uhusiano wowote na neno letu, lakini mwandishi wa Kiswahili akilikuta hawezi kujifanya hajaliona. Nilimshauri binti alitumie mara moja tu, halafu aliache.

Jioni, kama saa kumi na moja, kingo za mto zilikuwa zimejaa maelfu ya watu. Juu ya daraja peke yake walikadiriwa kuwa 300 hadi 400. Watoto walisukumwa mbele hadi kwenye kizuizi cha pembeni, kama watu wema wanavyofanya kila mahali: mtoto apite mbele aone. Beseni lilipochomoza kwa mbali, umati ukahamia upande wa kusini wa daraja ili kumlaki. Mnyororo wa upande huo ukakatika. Sakafu ya daraja haikuanguka bapa, iligeuka ubavu kama sinia linalomwagwa, na watu wakaporomoka mtoni waliokuwa mbele wakiwa chini na waliokuwa nyuma wakiwa juu yao. Walikufa watu 79, na wengi wao walikuwa watoto.

Sarakasi ilikuwa inauza nini

Kwetu ukisema sarakasi, mtu anaona vijana wanaopiga samasoti na kupandiana mabegani hadi wafike watu watano kwenda juu. Sarakasi ya Kiingereza ya wakati ule ilikuwa kwanza kabisa mambo ya farasi. Mwasisi wake, Philip Astley, alikuwa askari wa farasi, na mwaka 1768 alianza kuonyesha ufundi wake jijini London. Uwanja wa duara, wenye upana wa kama mita 13, ulichaguliwa kwa sababu ya farasi: akikimbia kwa kuzunguka kwenye duara la kiasi hicho, mtu aliyesimama mgongoni mwake anaweza kuinamia ndani na kubaki wima. Kila kitu kingine kilikuja kumzunguka farasi huyo.

Chale naye alikuja kuziba mapengo. Farasi mmoja anatoka, mwingine anatandikwa, watazamaji hawatakiwi kukaa kimya. Lakini kufikia miaka ya 1840 chale alikuwa na kazi ya pili, ambayo kwa mwenye sarakasi huenda ilikuwa na thamani kuliko ya kwanza: alikuwa tangazo linalotembea. Kampuni ya sarakasi ina farasi wanaokula kila siku, iwe kuna onyesho au hakuna. Ikifika mji mgeni ina siku chache za kujaza viti. Hivyo inapitisha mapambo na bendi barabarani, inatoa kitu cha kuonjesha, na anayeonja mchana analipa usiku.

Beseni na mabata lilikuwa onjo la aina hiyo, wala halikuwa jipya. Mwaka mmoja tu nyuma, 1844, Thomas Barry, chale wa ukumbi wa Astley's, alifanya vivyo hivyo kwenye Mto Thames, na London nzima ikaenda kutazama. Nelson alikuwa anarudia mchezo uliojulikana kwamba unalipa.

Hapa nataka kukaa kidogo na lile beseni, maana ndilo binti alilielewa vibaya zaidi. Katika hadithi yake mabata wanavuta kweli, na chale anaogopa wasije wakachoka. Bata bukini wanne hawavuti mtu mzima juu ya maji. Wanaogelea watakako. Siri ya mchezo ni kamba: beseni limefungwa kamba inayopita chini ya maji hadi kwenye mashua ya makasia iliyotangulia mbali mbele, na macho ya watu yako kwa mabata, hakuna anayeitazama mashua. Mabata wenyewe wamefungwa hatamu ili wabaki mbele ya beseni na waonekane wanajituma.

Mbali na kamba kuna msaidizi wa pili, na huyu msomaji wa pwani atamtambua kabla sijamtaja. Yarmouth iko pale mto unapoingia baharini. Maji yakijaa, mto unarudi nyuma, unapanda kutoka baharini kwenda bara. Ukitaka beseni lipande mto kwa madaha bila wapiga makasia kutoka jasho, unapanga onyesho lako na maji ya kujaa. Kwa hiyo saa ya mchezo haikuchaguliwa na Nelson wala na Cooke. Bahari ndiyo iliyoichagua, na ikaangukia saa ambayo watu wako huru kutoka.

Nilimwambia binti: hapo una kitu kizuri kuliko majuto. Una mtu aliyekaa ndani ya beseni, miguu imekufa ganzi, uso umepakwa rangi, anawapungia mkono maelfu, na anajua fika kwamba shangwe yote ni ya kamba ambayo hawaioni. Na mbele yake kuna daraja lililojaa watu wanaoamini sakafu iliyoshikwa na chuma ambacho nao hawaoni ndani yake. Hilo huhitaji kulisema. Weka tu kamba ukurasa wa pili na chuma ukurasa wa tisa.

Daraja

Lilijengwa 1829. Aliyelijenga, Robert Cory, alikuwa mtu wa mjini mwenye haki ya kuvusha watu mahali hapo, na msanifu alikuwa Joseph John Scoles, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa makanisa kuliko madaraja. Lilikuwa daraja dogo la mji mdogo, la mikokoteni, mifugo na waenda kwa miguu. Minyororo miwili, mmoja kila upande, ilining'inizwa juu ya nguzo, na sakafu ikashikiliwa na vyuma vilivyoshuka kutoka kwenye minyororo hiyo.

Kisha mji ukabadilika na daraja likabaki lilelile, au tuseme liliongezwa mwili bila kuongezwa mifupa. Mei 1844 reli kutoka Norwich ilifika Yarmouth, na kituo chake kikawa ng'ambo ya Bure. Ghafla njia ambayo ilikuwa ya wakulima wa mashambani ikawa njia ya kila anayekwenda stesheni. Daraja likapanuliwa ili watu wapite vizuri.

Upanuzi ni jambo la kulitazama kwa jicho kali, kwa sababu katika hadithi za namna hii mara nyingi ndipo mchezo unapoharibika bila mtu kushtuka. Chukua ubao uliotundikwa kwa kamba mbili, kila kamba upande wake. Watu wakisimama katikati, kila kamba inabeba nusu. Wakisogea wote ukingoni, kamba ya upande ule inabeba karibu wote. Na kama ubao umerefushwa ukatokeza nje ya kamba, wakasimama kwenye sehemu hiyo iliyotokeza, kamba ya karibu inabeba zaidi ya uzito wao wote, kwa sababu upande wa pili unataka kunyanyuka. Daraja lililopimwa kwa kupitisha mizigo katikati halijapimwa kwa jambo hilo.

Tukadirie tu. Watu 300, wengi watoto, tuseme wastani wa kilo 40. Ni tani 12. Mikokoteni iliyojaa shehena ingeweza kuleta uzito wa kushangaza pia, lakini mikokoteni hupita mmoja mmoja, katikati ya njia, na haikimbilii ukingoni kwa pamoja kwa sababu imemwona bata.

Binti amekulia Pangani. Nilipofika hapa alinikatiza: "Kama kivuko, mwalimu. Tukikaribia kutia nanga Bweni, wote tunainuka tunakwenda mbele kabla hakijagusa, na mabaharia wanafoka." Nikamwambia ndiyo, ila kwenye daraja hakuna baharia wa kufoka. Katika hadithi yake alikuwa amewapa watu wa darajani tabia ya wehu, wanapigana, wanakanyagana kabla hata ya ajali. Nilimwomba aifute yote. Hawakuwa wehu. Waligeuka tu kutazama, kama abiria wanavyogeuka. Ukiwafanya wehu unampa msomaji nafasi ya kusema, mimi nisingekuwa hapo.

Kiungo

Serikali ilimtuma James Walker kuchunguza. Hakuwa mtu mdogo: ndiye aliyemrithi Thomas Telford, mhandisi mashuhuri wa barabara na madaraja, kwenye kiti cha urais wa Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi. Alikwenda kwenye mabaki akatafuta mahali mnyororo ulipokatikia.

Mnyororo wa daraja la namna ile si pete kwa pete kama wa kufungia mbwa. Ni vyuma virefu bapa, kila kimoja kina tundu mwisho huu na mwisho ule, vinapangwa viwiliviwili ubavu kwa ubavu, na pini nene inapita kwenye matundu kuunganisha jozi moja na inayofuata. Kutengeneza chuma kama hicho mwaka 1829 kulikuwa kazi ya mhunzi. Kichwa chenye tundu kinafuliwa peke yake, mwili wa chuma peke yake, kisha vyote viwili vinatiwa motoni hadi viwe vyeupe, vinalazwa kimoja juu ya kingine na kupigwa nyundo hadi viwe kitu kimoja.

Kila mhunzi anajua hatari yake. Moto ukiwa haujatosha, au uchafu wa chuma ukibaki katikati, au mkono ukichelewa sekunde chache chuma kikapoa, sehemu ya nje inashika na ya ndani inabaki vipande viwili vilivyolaliana. Ukikitazama, kimeshikana. Ukikigonga, huenda kikalia vizuri. Ukikipiga rangi, hata aliyekifua hakitambui tena. Walker alikuta kiungo cha namna hiyo: katika chuma kilichotangulia kukatika, sehemu ndogo tu ya uso ilikuwa imeungana sawasawa. Iliyobaki ilikuwa imegusana tu.

Miaka kumi na sita sehemu ile ndogo ilibeba kazi ya kiungo kizima. Ilibeba mikokoteni, ikabeba ng'ombe, ikabeba mwaka mzima wa wasafiri wa treni. Haikuwahi kuulizwa swali gumu, mpaka Ijumaa ile.

Baraza la uchunguzi wa vifo, baada ya kusikiliza ushahidi, liliamua kwamba daraja lilianguka kwa sababu ya kasoro kwenye kiungo cha chuma kilichotangulia kukatika, na kwamba chuma na kazi yenyewe vilikuwa hafifu. Si mabata, wala si chale.

Dakika chache

Ukisoma haraka utairuka sehemu hii. Mimi niliiruka mara ya kwanza.

Vyuma vilipangwa viwiliviwili. Kwa hiyo kimoja kilipokatika, mwenzake alibaki. Shahidi alieleza kwamba kati ya kukatika kwa kile cha kwanza na kile cha pili zilipita kama dakika tano. Chuma kimoja kilichopangwa kubeba nusu kilibeba mzigo wote wa upande ule, pamoja na mtikisiko wa kuachiwa ghafla, na kikavumilia dakika tano.

Dakika tano ni nyingi sana. Mtu anaweza kutoka katikati ya daraja dogo kama lile hadi nchi kavu kwa chini ya dakika moja akitembea. Watu wote wale wangeweza kutoka, watoto wakiwa mabegani, na Nelson angepita chini ya daraja tupu akisikitika kwamba hakuna aliyempigia makofi.

Kwa nini hawakutoka? Hapa naingia kwenye kukisia, lakini ni kukisia ambako mwandishi wa hadithi ana haki nako kuliko mhandisi. Aliyeona chuma kikiachia alikuwa mmoja kati ya mamia, na mamia walikuwa wanatazama kwingine. Kulikuwa na kelele. Kulikuwa na nafasi nzuri ya mbele ambayo mtu ameitafuta kwa nusu saa na akiiacha imechukuliwa. Halafu kuna ile hali ambayo sote tunaijua: kitu kimelia "tang", umeshtuka, umetazama kushoto na kulia, hakuna mwingine aliyeshtuka, sakafu bado ipo, unaona haya kidogo kwa kushtuka kwako, unatulia. Ile sakafu kuendelea kuwepo ndiyo iliyowadanganya. Chuma cha pili kilipokuwa kinajitahidi kuwaokoa, kilikuwa pia kinawatuliza.

Nilipomweleza binti hivyo, alinyamaza kwa muda, halafu akasema: "Kwa hiyo hadithi ni ya dakika tano."

Nikasema, hadithi ni ya dakika tano. Kurasa kumi na nne zinatosha kabisa.

Nani sasa wa kukamatwa

Binti bado alitaka mkosaji, na sikumlaumu. Mhunzi wa 1829 ana sehemu yake, lakini mtu aliyefua vyuma chungu nzima huenda hata hakujua kwamba kimoja hakikushika, na kumfanya jini wa hadithi ni kumwonea. Cory alijenga daraja kwa nia ya biashara, kama madaraja mengi ya wakati ule yalivyojengwa, na watu walivuka salama miaka yote hiyo. Waliopanua daraja walimsaidia kila aliyekuwa anakwenda stesheni. Cooke alitangaza onyesho. Nelson aliingia kwenye beseni.

Ninachokiona mimi ni kwamba kila mmoja alikuwa na swali moja ambalo lilikuwa la jirani yake kuuliza. Mwenye sarakasi anajua umati, anajua kwamba watu watasimama daraja zima, maana ndipo anapowapeleka, daraja limetajwa kwenye tangazo lake. Hajui vyuma. Mwenye daraja anajua vyuma, au ana mtu anayejua, lakini hakuna aliyemfikiria kama sehemu ya onyesho. Tangazo lilibandikwa ukutani mji mzima ulisome, na hakuna aliyelisoma kama ombi la ruhusa. Hapo mwandishi anaweza kuweka mtu wa kubuni: karani wa ushuru wa daraja, kwa mfano, anayejua watu wangapi hupita kwa siku ya kawaida na anayeona kwa macho yake kwamba leo wanaingia na hawatoki.

Wala Waingereza hawakuwa wageni wa madaraja ya kuning'inia kukatika chini ya watu. Aprili 1831, huko Broughton karibu na Manchester, kikosi cha askari kilivuka daraja la namna hiyo kwa mwendo wa gwaride, mtikisiko ukaongezeka hatua kwa hatua, mnyororo ukaachia na wengi wakatumbukia. Hakufa mtu, maji yalikuwa machache. Somo walilobeba jeshini ni la kuvunja mwendo wakifika darajani, na amri hiyo ikadumu. Lakini hata kule Broughton kulikutwa chuma chenye kasoro tangu mwanzo. Lile la mwendo lilikumbukwa kwa sababu lina picha nzuri: askari, ngoma, buti. Kasoro ya chuma haina picha. Yarmouth ina mabata, na mpaka leo kisa kinasimuliwa kwa mabata.

Na vyuma vya matundu havikuisha na karne yao. Desemba 1967, huko Marekani, Silver Bridge juu ya Mto Ohio lilianguka jioni ya msongamano wa magari, watu 46 wakafa. Mnyororo wake nao ulikuwa wa vyuma viwiliviwili, na ufa uliokata kile cha kwanza ulikuwa na kina cha milimita chache. Pale chuma cha pili hakikutoa hata dakika moja.

Kuhusu kuandika

Nimeshaeleza mengi ya nilichomshauri, yaliyobaki ni machache. Katika rasimu yake sarakasi ya Cooke ilikuwa na tembo, simba na mwanamke mwenye ndevu, vyote vimechanganywa kama biriani. Nilimwomba aondoe kila ambacho hakifanyi kazi. Sarakasi ya hadithi hii ni beseni, kamba, mashua na tangazo. Farasi tuwasikie tu wakipiga kwato mahali fulani mjini, wakisubiri onyesho la usiku.

Pia nilimwomba asimwadhibu Nelson. Mtu halisi alikuwa na maisha yake baada ya siku ile, akaendelea kuchekesha watu kwa mkate wake. Kumpeleka mtoni ajitose ni kumfungia hesabu kwa mkono wetu ili sisi tupumue. Kama lazima tumwone baada ya ajali, tumwone ndani ya beseni, mashua imeacha kupiga makasia, kamba imelegea, maji ya kujaa yanaendelea kumsogeza taratibu kuelekea pale pale ambapo hataki kufika. Bata hawajui kitu.

Katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Nicholas, mjini Yarmouth, kuna jiwe la mtoto wa miaka tisa aliyekufa siku hiyo. Aliyelichonga hakuweka malaika peke yake kama ilivyokuwa desturi. Alichonga daraja lenyewe, likiwa limening'inia upande mmoja. Alijua la kuchonga. Mwaka 2013 mji uliweka kumbukumbu ya wote 79 karibu na mto.

Wiki iliyopita binti alileta rasimu ya pili. Chale haonekani mpaka ukurasa wa mwisho, na hata hapo ni doa la rangi kwa mbali. Inaanza na msichana wa miaka kumi na miwili aliyembeba mdogo wake kiunoni, amesimama safu ya tatu, haoni kitu:

"Kitu kililia juu ya kichwa changu, kama sufuria iliyodondoka jikoni kwa jirani. Nikatazama juu. Mwanaume aliyekuwa kando yangu naye akatazama juu. Tukatazamana. Akacheka, nami nikacheka, kisha akasogea kidogo akaniambia, 'Pita mbele, mama, mtoto aone.'"